Kadi ya grafiki kwa Dell ya zamani, Lightroom inanitoa jasho. Ninunue ama niwache?

bintiamu
Assalaam alaikum wajuzi. Niko Amu (Lamu) hapa Langoni, kazi yangu picha, mchana napiga nyumba za wageni kule Shela na usiku napiga harusi upande wa wanawake, kupamba na mambo kama hayo. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya zamani ya kesi nyembamba, CPU i5-3470, RAM (memori) 8GB, hadidiski ya kawaida ya 500GB, kadi ya grafiki sina natumia ile ya ndani tu. Kamera ya megapikseli 24 na napiga RAW, zile faili ghafi nzito. Sasa Lightroom Classic, programu yangu ya kuhariri picha, imekuwa mateso, nikihama picha moja kwenda ingine inakaa na ukungu mpaka nachoka, nikivuta slaida ya mwangaza picha inafuata baadaye kama imelazimishwa, na nikisema nipake maski usoni kwa bibi harusi ndio kabisaa. Kuna kijana wa duka Mombasa ananiambia nichukue GTX 1650 ya mkono wa pili itamaliza matatizo yote, ataitia kwa basi mpaka Mokowe, pale bara tunapopandia boti, niipokee huko. Bajeti yangu elfu kumi na tano, ikizidi kidogo si neno, lakini sitaki kutupa pesa baharini. Ninunue?

fundi_malindi
Waalaikum salaam dada. Usimtumie pesa bado. Kwanza muulize hio 1650 ina kimo gani, maana kesi yako inachukua kadi zile za kimo kifupi tu, ya kawaida haiingii hata ukiisukuma na goti. Pili pawa saplai ya 7010 nyembamba ni wati 240 na haina ule waya wa kulisha kadi, kwahivyo kadi lazima itosheke na umeme wa sloti yenyewe ambao mwisho wake ni wati 75. Sasa 1650 ziko zinazotosheka na hio na ziko zenye tundu la pini sita, ukiletewa hizo za pili umekwama nayo, na kurudisha kitu Mombasa kutoka Amu mwajua safari yake.

Lakini hata kabla hatujafika huko. Fungua Lightroom, hariri kama kawaida, na pembeni wacha Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha mashini inavyofanya kazi, wazi uangalie diski, memori na CPU zinafanyaje wakati inakwama. Halafu utuletee jibu. Mtu akikuuzia kadi bila kukuuliza hivyo vitatu anauza tu.

kaka_watamu
uza hio takataka nunua MacBook ya M1 uishi kwa amani

bintiamu
Kwa elfu kumi na tano?? Nionyeshe duka lenyewe kaka 😂

rangi_na_kivuli
Mimi niko Mombasa nahariri harusi kila wikendi na nitampinga fundi kidogo. Kadi si upuzi. Hio HD 2500, grafiki iliyo ndani ya i5-3470, inaishia DirectX 11 (njia ya programu kuongea na grafiki) na Lightroom ya sasa inataka 12, maana yake dada saa hii anahariri bila msaada wowote wa grafiki, CPU ya 2012 ndio inabeba kila kitu. Tangu 2022 hata kueksporti, kutoa picha zilizokwisha, kadi inasaidia. Na tangu 2023 kuna Denoise ya AI, ya kuondoa chengachenga za picha za gizani, hio ndio inaelemea kadi hasa, kwa CPU peke yake picha moja inakula dakika na dakika, sasa wewe umerudi na mia tatu za ISO 6400 utalala lini?

Ila kama ni Denoise unayoitaka basi 1650 ya 4GB si dawa, haina zile koa za tensa, za kazi za AI, kama za kadi za RTX. Mimi ningengoja nipate RTX 3050 ya 6GB, ile iliyotoka 2024, inakula wati 70 bila waya na ziko za kimo kifupi. Bei ndio itakuuma.

fundi_malindi
Hatupingani sana kaka, mimi naongelea kipi kitangulie. Ngoja alete jibu.

bintiamu
Nimefanya. Diski imesimama 100% karibu muda wote. Memori 7.4 kati ya 8 na hapo Chrome nimefunga. CPU inapanda mpaka juu nikipaka maski halafu inashuka, nikihama picha haifiki hata nusu.

Kaka wa Mombasa Denoise siitumii sana, nina lenzi ya 1.8 na flashi, na ukumbi wa kupamba taa zake ni mchana tu. Na kuna mtu kaniandikia inbox nipandishe picha mawinguni nihariri kwa simu. Hapana jamani. Hizo ni picha za wanawake bila buibui, simu zinazuiwa mlangoni, mimi naingia na kamera kwa sababu wananiamini. Hazitoki kwa hii kompyuta mpaka ziingie flashi ya mwenye harusi. Hata fundi akija nasimama naye mpaka amalize.

fundi_malindi
Hapo kwa fundi umenena, na siku ukilazimika kuipeleka dukani chomoa diski ubaki nayo nyumbani, mashini inajaribika kwa diski nyingine.

Basi jibu umelipata. Memori ikijaa Windows inaanza kumwaga kwenye diski, na diski yako ni ya kuzunguka, na hapo hapo ndio kuna katalogi (daftari la Lightroom la picha zako), kuna priviu, kuna RAW zenyewe, zote zinagombania mlango mmoja. Ukitia kadi leo ule ukungu ukihama picha utaukuta pale pale, kwa sababu picha haijafika hata kwa memori, kadi itafanya nini? Slaida zitakuwa nyepesi kiasi, hilo sikatai.

Ningekuwa wewe ningechukua SSD ya SATA, diski ya kasi isiyozunguka, 480 ama 500GB, Windows na katalogi na RAW za harusi unazofanyia kazi zikae hapo, hadidiski ya zamani ibaki ghala. Halafu RAM uongeze ifike 16GB, hio kesi ina sloti nne kwahivyo stiki zako za sasa huzitupi. Ndani ya Lightroom kuna kashe ya Camera Raw, nafasi ya kuhifadhi kazi ya muda, inakuja na 5GB, ipandishe mpaka 20 ukishatia SSD. Na leo usiku bila kununua chochote: tengeneza Smart Previews za hio harusi, halafu kwenye Preferences, Performance, weka tiki pale pa kuhariri kwa Smart Previews badala ya faili asili. Hizo ni nakala ndogo za picha, upande mrefu pikseli 2560, mashini inapumua. Ukitaka kukagua ukali wa jicho ndio unarudi kwa faili asili, na kueksporti inachukua faili asili ikiwa ipo.

mzee_kibodi
Ongezeni na hili, Windows 10 sapoti yake iliisha 14 Oktoba 2025 na i5 ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Windows 11, Microsoft wanaanzia cha nane. Kwahivyo binti yangu usimwage pesa nyingi kwa mashini hii. SSD utahama nayo. Kadi ya kimo kifupi pia utahama nayo. RAM ya DDR3 huhami nayo popote, kwahivyo hio nunua ya mtumba ya bei rahisi, na ukijaliwa baadaye tafuta kompyuta ya mtumba ya eks-UK yenye i5-8500, koa sita. Pia ifungue hio kesi upulize vumbi, hewa ya chumvi ya huko inakula feni na CPU ikipata joto inajipunguza mwendo wenyewe.

rangi_na_kivuli
Nimeona namba za diski, nakubali. SSD kwanza. Kadi ukija kuinunua ya mtumba iendeshe na GPU-Z kabla hujalipa, kuna kadi kuukuu zimebadilishwa jina zinauzwa kama mpya na ile programu huzipiga lebo ya FAKE ikizigundua.

bintiamu
Smart Previews nimejaribu sasa hivi na harusi ya juzi, wallahi tofauti naiona kwa macho, slaida inanifuata. Kuhama picha bado inajivuta lakini si kama jana. Yule kijana nimemwambia kadi basi, anasema SSD anayo ya 480 na RAM stiki mbili za 4GB, atavitia kwa basi la kesho. Nimlipe?

fundi_malindi
Akutumie kwanza picha ya stika ya kila kimoja. RAM iandikwe DDR3 na iwe ya desktop, zile za laptop ni fupi nusu yake na haziingii, na ikiandikwa ECC ama RDIMM hio ni ya seva, mrudishie. Ukifika Mokowe fungua kifurushi hapo hapo kabla hujapanda boti.