MJADALA: Teja wa kete mbili apelekwe jela au kliniki?

Mtoa mada:
Wadau tujadili hili bila jazba. Sheria yetu Tanzania ya dawa za kulevya ya 2015, na marekebisho ya 2017, imekaza kwelikweli, ukidakwa na mzigo mkubwa ni maisha, na kesi nzito zinaenda Divisheni ya Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, ile watu wameibatiza mahakama ya mafisadi. Pusha wa kilo afungwe tu, sina neno. Shida yangu ni teja wa kijiweni mwenye kete mbili, vipakiti viwili vya heroini, mfukoni, anakaa mahabusu kusubiri Mkemia Mkuu athibitishe kete zake, upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa tena, mwisho anatoka na wiki hiyohiyo yuko kijiweni.

Miami kule Marekani walianza 1989 na mahakama ya waraibu, unapewa tiba badala ya jela, unapimwa mkojo kila mara, unarudi kwa hakimu yuleyule akuulize umefikia wapi, ukimaliza kesi inafutwa. Sisi tiba tunayo, methadone, ile dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, ilianza Muhimbili 2011 ikaja Mwananyamala na Temeke, mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya nesi. Kwahiyo wala sitaki jengo jipya, hakimu wa wilaya apewe tu nguvu ya kusema nenda ukanywe dawa, ripoti ya kliniki niione hapa.

Mchangiaji 1:
Mkuu kaa na teja nyumba moja ndo uandike hayo. Mtaani kwetu wamebeba koki za maji, taa za gari, juzi sufuria imeondoka jikoni na maharage yake ndani. Akikacha kliniki nani atamfuata? Na kila pusha atajifanya mgonjwa.

Mtoa mada:
Wizi ashtakiwe kwa wizi, hilo sibishi. Pusha utamjua kwa uzito wa mzigo na kwa mkojo wake. Akikacha hakimu anamrudisha ndani, hata Marekani si msamaha. Nisichokitaka cha kwao ni kwamba mahakama nyingi zinataka ukiri kosa kwanza ndo utibiwe, ukifeli tiba unafungwa kwa mdomo wako mwenyewe.

Mchangiaji 2:
Mbona hapa mateja wanakiri bila hata kuahidiwa tiba, yaishe tu! Mwenye mzigo mkubwa ana wakili, na zipo rufani zimeshinda Mahakama ya Rufani kwa vile mnyororo wa utunzaji wa kielelezo umekatika, haijulikani mzigo ulipita mikono ya nani. Teja nani atamkagulia karatasi za kete mbili?

Mchangiaji 3:
Kabla hamjafika kwa hakimu nijibuni hili. Aliyeko kwenye dozi akikamatwa Ijumaa jioni, akalala mahabusu mpaka Jumatatu, dawa yake anapelekewa na nani? Maana Jumapili arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, imeshampiga na hapo hata hajasomewa shtaka.