Kijana wangu ana usonji, anatoroka kwenda gatini. Nyinyi mlifanyaje?

FundiKalafati (Lamu)

Assalamu alaikum wenzangu. Mimi ni fundi wa mashua, kazi yangu kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba. Nina kijana wa miaka sita, ana usonji. Tulithibitishiwa mwaka juzi baada ya kuzungushwa sana. Kuna mahali tuliambiwa "wavulana huchelewa kusema", nikarudi nyumbani na dawa ya minyoo. Hilo nimeshasamehe. Kinachoniondoa usingizi ni maji.

Tunakaa Mkomani. Kutoka dakani kwetu hadi gatini ni vichochoro vitatu. Jumanne iliyopita mama yake aligeuza chapati, kuinua macho hayupo. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi za gati, maji ya bamvua yamemfika kiunoni, anacheka peke yake. Mchukuzi mmoja ndiye aliyekuwa amemshika ukosi wa kanzu. Mtoto haogopi, na kuogelea hajui.

Mama mkwe anasema nimfungie chumba cha juu. Shangazi anasema ni jini la pwani, akapungwe. Jirani anasema ni chanjo iliyomletea usonji. Mimi kumfunga mwanangu siwezi. Komeo nimelipandisha juu, anavuta kiti analifikia. Kusema hasemi, ila hurudia ya watu: adhana yote, na kile kilio cha watu wa boti wanaoita abiria wa kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo bara, "Mokowe mmoja! Mokowe mmoja!" kutwa mpaka kichwa kiniume. Waliopitia haya, nisaidieni.

MamaWawili_Malindi

Waalaikumu salaam baba, pole sana. Wangu sasa ana miaka 14, na kwetu ilikuwa ufuoni na kisima cha jirani. Siku akipotea tena, anzeni majini. Si msikitini, si kwa shangazi, majini! Watoto hawa wengi huvutwa na maji, na wanaopotea kuzama ndiko kunakowaua zaidi. Mmoja akimbie gatini, wengine ndio waulize nyumba kwa nyumba.

Na mfundishe kuogelea, tena mara nyingine na nguo zake mwilini, kwa sababu hatatoroka na chupi ya kuogelea. Halafu watu wajue. Mimi nilizunguka na picha yake kwa wauza samaki na vijana wa bodaboda: ukimwona peke yake mshike mkono, usimpigie kelele, nipigie simu. Siku ya kwanza niliona haya mpaka nikalia njiani. Sasa wananisalimia kwa jina lake. Mlangoni nilitundika kengele za mbuzi, hata akifungua usiku nasikia.

Ya chanjo mwambie jirani apumzike. Yalitoka kwa daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu. Jarida la Lancet likaifuta makala ile mwaka 2010, na mwaka huohuo naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari.

Msafiri_Shela

Fungia mlango, kaka. Ukilea kizungu utamzika.

MamaWawili_Malindi

Msafiri, mlango ameshaufunga. Hujasoma kuwa anavuta kiti?

MwalimuWaKitengo

Nafundisha kitengo cha mahitaji maalum. Kama hujaenda kituo cha tathmini ya elimu (EARC), nenda, ndio watakaokuelekeza shule inayomfaa. Na mwandikishe kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Lakini mimi nina swali. Hiyo "Mokowe mmoja" huisema wakati gani? Wengi wa watoto hawa huongea kwa maneno ya kuazima. Nilikuwa na mmoja, akiwa na kiu husema "shika vizuri usimwage", kwa sababu ndivyo mama yake alivyomwambia kila akimpa kikombe. Tuliona ni kelele tu, kumbe anaomba maji. Andika siku tatu: saa ngapi, amesimama wapi, na baada yake akafanya nini.

FundiKalafati (Lamu)

Mwalimu, nimeandika, nyuma ya daftari langu la misumari na pamba. Siku ya kwanza alisema mara 11. Mara tisa alikuwa mlangoni au ameshika makubadhi yangu. Mama yake amekumbuka kuwa Jumanne ile aliisema mfululizo, naye akamwambia anyamaze, chapati zinaungua.

Jana saa kumi akaanza tena. Nikamjibu kama mtu wa boti: "Mokowe mmoja, haya panda twende." Akaja na makubadhi, akanivisha yeye mwenyewe, la kulia mguu wa kushoto. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilimpeleka kwenye mashua niliyoilaza mchangani, akapitisha kidole kwenye mstari wa pamba kutoka omo hadi tezi, akarudi, akapitisha tena, mpaka magharibi. Mokowe hakuitaja hata mara moja.

Laifu-jaketi nimeazima, anaikataa, mikanda inamkwaruza. Nikimvalisha juu ya fulana iliyogeuzwa nje ndani anakubali kwa dakika kumi hivi. Kuogelea tutaanza Ijumaa.

Mama mkwe hajasema neno. Mama wa Malindi, hizo kengele za mbuzi ulizinunua wapi?