Mordin kafa mwishoni mwa Mass Effect 2 ilhali timu nzima ni waaminifu, shida iko wapi?

Kaskazi_N7
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua misheni ya mwisho vizuri. Nacheza Legendary Edition, toleo lililoboreshwa la gemu hii. Meli imeongezewa vyote vitatu: deraya ya Jacob, ngao ya Tali na mzinga wa Thanix wa Garrus. Wote 12 nimewamalizia misheni zao za uaminifu. Kule kwenye kituo cha Collectors, maadui wa gemu hii, Tali kaingia kwenye mabomba, Samara kashika ngao ya biotiki, Garrus kaongoza kundi la pili mara zote mbili, Jacob kawasindikiza wahudumu wa meli. Kwa bosi wa mwisho nimeingia na Garrus na Grunt. Mwisho wa yote Mordin yuko kwenye jeneza.

Maswali mawili. Kafa kwa nini? Na je, niende nalo hili faili hadi Mass Effect 3 au nirudi nyuma? Sitaki kurudi kila mtu akifa, gemu itakosa ladha, lakini hiki kifo kimenikaa vibaya.

FundiWaSevu
Mkuu, kwenye uaminifu huna kosa. Tatizo ni kuwachukua Garrus na Grunt kwa pamoja.

Ukishaingia kwa bosi, wanaobaki nyuma wanazuia maadui mlangoni, na gemu inapiga wastani wa nguvu zao bila kukuonyesha. Mwenzako akiwa mwaminifu, pointi zake ni hizi: Garrus, Grunt na Zaeed wana 4 kila mmoja. Thane, Legion, Samara, Jacob na Miranda wana 2. Jack, Kasumi, Tali na Mordin wana 1 tu. Asiye mwaminifu anakatwa pointi moja, yaani Mordin asiye mwaminifu ni sifuri. (Jack kupewa 1 ni dhuluma, lakini ndivyo walivyopanga.) Waliobaki wakiwa watano au zaidi, wastani lazima ufike 2. Chini ya hapo mtu anaondoka.

Kwako wamebaki tisa. Zaeed 4, Thane, Legion, Samara na Miranda jumla 8, Jack, Kasumi, Tali na Mordin jumla 4. Hiyo ni 16, gawa kwa 9 unapata 1.78. Na anayekufa hapigiwi kura: wasio waaminifu wanatangulia, kisha kuna foleni, na Mordin ndiye wa kwanza. Anafuata Tali, halafu Kasumi, halafu Jack.

Dawa yake: Mordin ndiye asindikize wahudumu. Akiwa mwaminifu, msindikizaji anafika salama na hahesabiwi mlangoni.

Bi_Hesabu
FundiWaSevu, orodha yako ni sahihi ila dawa haitoshi. Ukimpeleka Mordin na kumbakiza Jacob, jumla inakuwa 17. Gawa kwa 9 ni 1.89. Bado haijafika 2, na sasa wa kwanza kwenye foleni ni Tali. Utakuwa umebadilisha maiti tu.

Kinachookoa ni kuacha misuli mlangoni. Kaskazi, acha kila kitu kama ulivyofanya, Jacob asindikize vilevile, badilisha mtu mmoja tu: ingia kwa bosi na Tali badala ya Garrus. Jumla inapanda kutoka 16 hadi 19, wastani 2.11, na Mordin anabaki hai palepale mlangoni. Ukitaka usalama zaidi, Mordin asindikize, wewe ingia na Tali na Jack. Wanaobaki ni 23 kwa 9, zaidi ya 2.5. Hapo hata mmoja wao angekosa uaminifu, wastani usingeshuka chini ya 2.

Angalizo: yeyote unayeingia naye kwa bosi lazima awe mwaminifu, la sivyo anafia huko. Miranda peke yake ndiye anayesamehewa.

Na ukirudi kwenye sevu ya zamani, angalia uko wapi. Wahudumu wakishatekwa, baada ya ile misheni ya Reaper IFF, nenda moja kwa moja Omega-4 Relay, lango la kwenda kituo cha Collectors. Ukifanya misheni moja hadi tatu kwanza, nusu ya wahudumu wanakufa. Zaidi ya tatu, anabaki Dk. Chakwas peke yake. Wengi wanaokoa timu nzima halafu wanawasahau hao wa chini.

Mwanamvua
Hesabu imekwisha, nijibu swali la pili. *Tahadhari, nafichua mambo ya ME3.*

Kabla ya kuamua urudi au usirudi, jiulize ni kifo cha aina gani. Kipo kifo cha kanuni, ambacho gemu imekokotoa na ungeweza kukizuia. Na kipo kifo cha hadithi, kilichoandikwa na mtunzi, ambacho ufanye usifanye kitakuja. Cha kwanza unaweza kukirekebisha bila kuona haya. Cha pili ukipigana nacho unajichosha bure.

Aerith wa Final Fantasy VII, gemu ya 1997, ndiye mfano ambao kila mtu anaujua. Anakufa mwishoni mwa diski ya kwanza. Phoenix Down, dawa ya kufufua, haisaidii, kupanda ngazi hakusaidii. Unaweza hata kuhangaika ukampatia Great Gospel, shambulio lake kubwa kuliko yote, kabla hajafa, na bado anakwenda. Kwa kifo cha namna hiyo, kitu cha kufanya ni kuendelea mbele, kwa sababu sura zinazofuata zimeandikwa kwa ajili ya huo msiba.

Mordin sasa ana vifo vyote viwili. Huyu wako ni wa kanuni. Ukimwokoa, ME3 itampeleka Tuchanka, sayari ya wakrogani, kwenye tiba ya genophage, ugonjwa unaozuia uzazi wao, na karibu njia zote zinaishia kwenye kifo chake. Anaponea njia moja tu: Wrex, mkrogani wa timu yako, awe alishakufa kwenye ME1, data za Maelon za utafiti wa tiba hiyo uwe uliziteketeza kwenye ME2, kisha umshawishi aiache tiba. Hiyo njia inawaumiza wakrogani wote, kwa hiyo kumwokoa nako kuna bei yake.

Ukienda na faili hili, nafasi yake inachukuliwa na Padok Wiks, msalariani mwingine, yaani wa jamii moja na Mordin. Kazi inafanyika na hadithi haikwami. Jina la Mordin utalikuta kwenye ukuta wa kumbukumbu ndani ya Normandy, meli yako.

Mimi ningerudi. Si kwa kuogopa kifo, bali kwa sababu hapa amekufa kwa desimali. Kule Tuchanka anakufa kwa uamuzi wake mwenyewe, na mazungumzo yote mliyofanya maabara ndipo yanapopata uzito. Usilifute hilo faili la sasa lakini, liache lilivyo.

zamu_kwa_zamu
Nakubaliana na Mwanamvua, ila gemu nyingine haziko wazi hivyo. Fire Emblem ya kawaida, askari akianguka ndiyo basi, na mtu anaanza ramani upya mara kumi. Tangu 2010 wameweka hali ya Casual, walioanguka wanarudi vita vikiisha. Three Houses, mojawapo ya gemu hizo, ina Divine Pulse ya kurudisha zamu nyuma. Ushauri wangu ni kuchagua sheria kabla ya vita, usiisubiri maiti ndiyo uanze kujadiliana na nafsi.

Baldur's Gate 3 ni nafuu: Withers yuko kambini, anamfufua mwenzako kwa dhahabu 200, hata kama mwili umetumbukia shimoni.

Juma_wa_Whiterun
Samahani kwa kudandia uzi. Lydia, msaidizi wangu kwenye gemu ya Skyrim, kafa, niko kwenye PC. Kuna namna?

FundiWaSevu
Ipo. Fungua konsoli, dirisha la kuandikia amri, kwa kitufe kilicho chini ya Esc, bofya mwili wake, andika `resurrect 1`. Hiyo 1 usiisahau, bila hiyo anafufuka na vifaa vya mwanzo na mizigo uliyombebesha inapotea. Kama mwili huuoni, andika kwanza `prid 000A2C94`, kisha `moveto player`, halafu ndiyo umfufue.

Na chunguza aliyemuua. Maisha yakiisha Lydia anapiga magoti, na kwa kawaida maadui wanamwacha. Mara nyingi pigo la mwisho linatoka kwa mwenye gemu mwenyewe: moto, mshale uliopita njia, au uchawi unaolipuka eneo zima.

Kaskazi_N7
Asanteni sana. Narudi, Tali anaingia badala ya Garrus. Swali la mwisho: sevu za kiotomatiki zimeshafunikwa, nina ya mkono ya kabla ya Omega-4 Relay tu. Itabidi nirudie kituo chote?

Bi_Hesabu
Chote, ndiyo. Safari hii sevu kwa mkono kila mapigano yakitulia, kwenye nafasi mpya kila mara. Ya muhimu kuliko zote ni ile ya mara tu baada ya ngao ya biotiki, kwa sababu chaguo la nani aingie na wewe linafuata hapo.