SBT au BIT: ipi inafaa kufuatilia mabadiliko ya awamu?

Tanuri600: Wakuu, habari za leo. Nachagua fuwele ya tabaka kwa tasnifu ya uzamili, nifuatilie awamu zake (mpangilio wa atomi) zinavyobadilika kwa joto. Nimebaki na mbili za familia ya Aurivillius (oksidi za bismuthi zenye tabaka): Bi4Ti3O12 (BIT) na SrBi2Ta2O9 (SBT). Tanuri la mashine yetu ya eksirei linaishia nyuzi 600 za Selsiasi. Mnanishauri ipi?

FundiKauri: SBT, mkuu. BIT huacha kuwa feroelektriki (yenye upolari wa umeme unaoweza kugeuzwa) karibu na nyuzi 675, na wewe huko hufiki. SBT ina hatua mbili. Karibu na 335 ioni zinarudi mahali pake na upolari unakwisha, ila oktahedroni (maumbo ya pande nane) za tantali na oksijeni bado zimeinama. Hadi 550 hivi ndipo zinanyooka na fuwele kuwa tetragonali, yaani mihimili yake a na b inakuwa na urefu sawa.

MamaBismuthi: Fundi, unampoteza kijana. Mhimili a wa SBT ni angstromu 5.531, b ni 5.534. Atatenganisha nini hapo? Kwa eksirei ya maabara vilele viwili kwenye grafu, cha a na cha b, vinalaliana, anaona kimoja kinene. Na kuinama kwa oktahedroni ni habari ya oksijeni, ambayo eksirei huiona kwa shida ikiwa imezungukwa na bismuthi na tantali. Kazi hiyo ni ya neutroni. BIT ina a 5.45 na b 5.41, vilele vinaachana waziwazi.

FundiKauri: Kwa vilele umenikamata. Basi apime kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) huku akipasha sampuli, ile ya 335 itajitokeza. Ya 550 haina upolari, mita itapita kama haikuona kitu.

Mzee wa Vidonge: Mbona mnasahau elementi ya lanthani? Ukiiweka badala ya sehemu ya bismuthi ndani ya BIT, joto la badiliko linashuka. Usizidishe tu, maana a na b nazo zinasogeleana. Halafu bismuthi huvukia! Kidonge changu cha kwanza cha unga uliobanwa nilikichoma bila kuongeza oksidi yake kidogo, nikapata awamu ngeni iliyonila miezi miwili.

Tanuri600: Nimeelewa, naenda na lanthani, nitaanza na viwango vitatu. Na za kupimia kapasitansi, elektrodi za fedha ya kupaka zitavumilia 600?

Mzee wa Vidonge: Ile ya kuchomwa tanurini, ndiyo. Ile ya kukaushia hewani gundi yake itaungua kabla hujafika, utaikuta imebanduka.