Ukoo wa Makorora: gari la Jumapili

ALHAMISI

Shangazi Mwanahamisi 06:48
Asalaam aleykum. Jumapili tunapanda Lushoto, Noah ya Halima na Corolla ya marehemu. Nimefungua boneti ya Corolla asubuhi hii. Mafuta ya pawa stelingi ni meusi, yananuka kuungua, na juu yana povu. Likikata kona kuingia uani linanguruma. Halipandi mlima wa Soni hivyo. Nataka watu wawili wa kulishughulikia kabla ya Jumamosi mchana. Nani na nani?

Shangazi Mwanahamisi 07:30
Nasubiri.

Kibwana 08:02
Wa aleykum salaam Shangazi. Mimi ni wa kubeba sufuria ya pilau.

Mama Salma 08:05
😂😂 Kibwana na pilau

Halima 08:06
Kwani pilau inapikwa huku au kule? Mchele nimeagizwa kilo ngapi?

Shangazi Mwanahamisi 08:15
Mchele baadaye. Nazungumzia usukani. Pampu ya pawa ikiishiwa mafuta, usukani unakuwa mzito ghafla katikati ya kona, tena na watu watano ndani. Na haidroliki, yaani hayo mafuta ya pawa, ikidondokea ekzosi ya moto inaweza kuwaka. Hilo si la kucheka.

Zuhura Dar 09:40
Shangazi, si uongeze tu kidogo? Mwezi uliopita niliongeza kwenye Honda yangu ikatulia.

Shangazi Mwanahamisi 09:52
Uliongeza nini Zuhura?

Zuhura Dar 10:31
Ile nyekundu ya kawaida.

Shangazi Mwanahamisi 10:33
Hiyo itoe. Honda ina mafuta yake ya pawa, wanasema wenyewe usitie ATF, ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki. Toyota hizi za zamani ndizo zinazokula nyekundu. Hapa kifuniko cha kikopo cha mafuta kimeandikwa Dexron II au III, ndiyo aina ya hiyo nyekundu. Usinunue kabla ya kusoma kifuniko, wala usimsikilize muuzaji anayekwambia "zote ni sawa".

Mama Salma 10:50
Na IST yangu? Sijawahi kuona hicho kikopo.

Shangazi Mwanahamisi 10:53
IST usukani wake ni wa umeme, hauna mafuta kabisa. Kikopo hutakiona.

Kibwana 10:55
Mama Salma kaponea 😂

Shangazi Mwanahamisi 11:20
Nimeuliza madukani Ngamiani. Dexron III ipo. Lakini mjue: General Motors, wenye jina hilo, waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo chupa yoyote leo inayojiita Dexron III haina leseni yao, unategemea jina la kampuni iliyotengeneza. Nunueni ya kampuni mnayoijua na yenye lakiri nzima. Dexron VI ni nyepesi zaidi, kwa pampu iliyochoka mimi siiweki. Lita 2 zinatosha: mfumo unakula kama lita moja, nyingine ni ya kusafishia.

Shangazi Mwanahamisi 11:21
@Athumani Pongwe upo?

Shangazi Mwanahamisi 13:47
Watu 23 humu. Wamesoma 19.

Halima 14:10
Mimi naona tukumbushane tu. Gari lilikwenda Handeni likiwa kimya. Lilirudi linanguruma. Na aliyelipeleka yumo humu.

Rajabu 14:12
Halima umeanza.

Halima 14:12
Sijataja jina.

Rajabu 14:14
Kila jambo Handeni. Hata mvua isiponyesha ni Handeni. Na hela ya Segera mbona huitaji?

Halima 14:15
Ya Segera ilishaisha, muulize Mama Salma.

Mama Salma 14:20
Mie msinitie humo.

Kibwana 14:21
Tanga kwetu waja leo waondoka leo, ila deni la Segera limejenga nyumba

Zuhura Dar 14:22
😂😂😂

*Ujumbe huu umefutwa*

Athumani Pongwe 16:38
Shikamoo Shangazi. Nilikuwa chini ya gari. Nimesoma yote. Kabla ya kumwaga chochote: Handeni kiliongezwa nini?

Rajabu 16:51
Ilikuwa imepungua. Fundi wa barabarani ndiye aliyeongeza, kopo sikuliona.

Athumani Pongwe 16:58
Hapo ndipo penye kazi. Kama ni haidroliki iliyochakaa, tunamwaga, tunasafisha, tumemaliza. Kama ni mafuta ya breki, kusafisha hakutoshi. Ya breki, DOT 3 na DOT 4, ni za glaikoli, na sili za pawa, zile raba za kuzuia uvujaji, zimetengenezwa kuhimili mafuta ya jamii ya petroliamu. Breki inazivimbisha na kuzilainisha. Wiki ya kwanza usukani unaweza kuonekana mzuri, halafu sili ya pampu na za reki, ule mtambo unaogeuza matairi, zinaachia pamoja.

Athumani Pongwe 17:03
Kipimo: vuta mililita 50 kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano lenye kipande cha mpira, la duka la dawa linafaa. Tia kwenye chupa ya kioo, acha usiku kucha pasipotikiswa. Mafuta ya breki ni mazito zaidi na hayachanganyiki na haidroliki, yatashuka chini na utaona mstari. Usipoona mstari bado usijihakikishie, yakiwa kidogo huyaoni. Gusa raba ya kifuniko na ncha ya mpira wa kurudisha mafuta kwenye kikopo. Ikiwa imevimba na inanata, jibu ni hilo.

Shangazi Mwanahamisi 17:05
Umesikia Rajabu. Usiku huu.

Kibwana 17:06
Chupa ya kioo ya Halima ya asali iko wazi

Halima 17:07
Thubutu!

Zuhura Dar 17:30
Hakuna ile dawa ya kuziba uvujaji? Nimeiona Kariakoo, unamimina tu.

Athumani Pongwe 17:41
Ile inafanya kazi kwa kuvimbisha sili. Inakupa muda mfupi, na sili iliyokwisha kulainika inaimaliza. Kwa safari ya mlima sikushauri.

Shangazi Mwanahamisi 17:44
Athumani, andika hatua hapa, wa kushika spana azisome kabla. Mara ya mwisho kila mtu alikuwa na yake.

Athumani Pongwe 18:29
Sawa. Hii ni kama kipimo kikitoka safi.

Injini ipoe. Futa kifuniko na pembeni yake kwanza, mchanga ukiingia unakwangua pampu. Vuta yote ya kwenye kikopo kwa sindano. Chini kuna chujio la waya, likiwa na tope kitoe kikopo, kioshe kwa petroli mbali na moto, kikauke kabisa.

Weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, vuta handibreki, nyanyua mbele yote mawili, weka STENDI. Msitegemee jeki. Matairi ya mbele yakiwa hewani usukani unazunguka bila kuwasha injini.

Kikopo kina mipira miwili. Mnene unashuka kwenye pampu, usiuguse. Mwembamba ni wa kurudisha: legeza klempu, uchomoe, uelekeze kwenye chupa ya lita 2. Tundu lililobaki kwenye kikopo lizibe kwa bolti iliyozungushiwa tepu.

Jaza mapya. Mmoja azungushe usukani mwisho hadi mwisho, polepole, injini IMEZIMWA, ufunguo umefunguliwa ili usukani usijifunge. Mwingine amimine kila yanaposhuka. Kikopo kisikauke hata mara moja, kikikauka pampu inameza upepo na mnaanza upya. Endeleeni mpaka kinachotoka kiwe chekundu, si kahawia.

Rudisha mpira, klempu mpya. Jaza hadi alama ya COLD. Zungusheni tena kama mara 20 injini imezimwa, mkiangalia mapovu. Ndipo mwashe, mshushe gari, mzungushe taratibu. Mkifika mwisho msishikilie zaidi ya sekunde 2 au 3, pale presha inakwenda kwenye vali na mafuta yanachemka.

Mwisho: injini ikiwa ya moto angalia kimo, zima, angalia tena. Kikipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzima, bado mna upepo.

Mama Salma 18:40
🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

Kibwana 18:44
Mama Salma fupisha, bando

Shangazi Mwanahamisi 18:46
Na ule mngurumo, ukibaki baada ya yote?

Athumani Pongwe 18:55
Mara nyingi ni mpira mnene. Ukikauka unavuta upepo bila kudondosha hata tone, watu wanabadilisha pampu bure. Mpya uwe wa kuhimili mafuta, msikate wa maji ya rejeta, haidroliki inauharibu. Kama ni filimbi kali ukikata kona, hiyo ni fenibelti imelegea, si pampu. Na wa presha ya juu ukivuja hauungwi kwa klempu, unabadilishwa mzima.

Mafuta machafu msimwage mtaroni, yanakwenda baharini. Nileteeni, nayatia pipa moja na oili chafu.

Rajabu 19:20
Mimi naona tunakuza. Gari linatembea. Nimelitumia juzi mpaka Kange na kurudi.

Halima 19:21
Juzi tena? Nani alikuruhusu?

Rajabu 19:22
Ufunguo si wa mtu mmoja.

Baba Mkubwa 20:03
Asalaam aleykum. Nimesomewa yote na mjukuu. Gari lile aliliacha mama yenu, alilitunza kwa mkono wake. Halitoki uani mpaka chupa ya Athumani ijibu. Kama jibu ni breki, Jumapili mtapanda basi Kange, na mimi nitapanda nanyi. Na ya Handeni na ya Segera sitaki kuyasoma tena humu. Rajabu, ufunguo mpe shangazi yako.

Rajabu 20:19
Shikamoo Baba Mkubwa. Sawa.

Zuhura Dar 20:20
Shikamoo Baba Mkubwa

Mama Salma 20:21
Shikamoo kaka

Baba Mkubwa 20:30
Marahaba.

Shangazi Mwanahamisi 20:34
Shikamoo kaka. Imepita. Rajabu nakusubiri na ufunguo, sindano nimeshanunua.

Shangazi Mwanahamisi 22:10
Rajabu.

IJUMAA

Shangazi Mwanahamisi 06:15
Sijaletewa ufunguo. Chupa ilitakiwa iwe imelala usiku kucha.

Rajabu 09:27
Samahani Shangazi, simu ilizima. Nauleta baada ya swala ya Ijumaa.

Athumani Pongwe 09:50
Mkivuta mchana, jibu litasomwa kesho alfajiri. Bado muda upo, ila mimi kesho nina gari la watu Muheza, nitafika saa kumi jioni. Kusafisha ni kama saa mbili tukiwa wawili. Ikiwa sili, haiwahi.

Halima 10:05
Basi nikate tiketi za basi au nisikate?

Kibwana 10:07
Kata, pilau lisafiri dirishani

Shangazi Mwanahamisi 10:12
Usikate kwanza Halima, uliza nafasi tu. Haidroliki lita 2 nimelipia mimi, tutagawana, orodha nitaweka jioni. Kibwana, saa kumi kesho wewe ndiye wa kuzungusha usukani, ujibu ndiyo au hapana.

Shangazi Mwanahamisi 10:13
Jeki ninayo na stendi moja. Ya pili iko kwa nani?

Mama Salma 11:48
Nilisema kwenye sauti ya jana, hamkuisikiliza.