Elektroni ipo kabla hatujaitazama, au haipo?

Kinyonga
Wakuu, kuna jambo linanikera. Kila ukisoma habari za fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu na elektroni, unaambiwa elektroni "haina mahali mpaka itazamwe". Juzi nimebishana na jamaa mpaka usiku wa manane, ameshikilia kwamba huo ndio ushahidi kuwa akili ya binadamu inaumba ulimwengu. Mimi nikamwambia huo ni uganga uliovalishwa koti jeupe. Naomba jibu la wazi: kabla ya yeyote kuitazama, elektroni ipo mahali fulani au haipo?

NyotaAsubuhi
Haipo. Au tuseme ipo kila mahali kwa mpigo. Jaribio la nyufa mbili, lile la kurusha elektroni kwenye ukuta wenye nyufa mbili na kuangalia zinatua wapi kwenye kioo cha nyuma, lilishamaliza ubishi: ukichungulia inapita ufa gani inakuwa chembe, ukigeuka inakuwa wimbi na kioo kinajaa milia. Elektroni inajua ina mtazamaji, ndugu zangu. Wanaokataa ni wale waliokariri fomula darasani wakafaulu mtihani bila kufikiri.

MkufunziMstaafu
Mwanangu, "waliokariri" ni akina nani? Nimefundisha fizikia miaka 31. Elektroni haijui chochote. Ili ijulikane imepita ufa gani ni lazima ikutane na kitu: fotoni (chembe ya nuru), atomu, lolote lile. Kitu hicho kikiondoka na habari ya njia iliyopitwa, milia kwenye kioo inapotea. Mtu awemo chumbani au awe kalala kwake, milia inapotea vilevile.

NyotaAsubuhi
Shikamoo mwalimu. Heshima yako ipo palepale, ila miaka 31 si hoja. Mtu anaweza kurudia kosa lilelile miaka 31. Na Einstein mwenyewe aliikataa kwanta, naye alikariri?

MkufunziMstaafu
Marahaba. Kosa lipi? Taja moja.

Papasi
Nyota, hapo kwa Einstein umeteleza. Hakuikataa kwanta, yeye ni mmoja wa waliomkaribisha huyo mgeni nyumbani. Nobeli yake ya mwaka 1921 alipewa kwa kueleza jinsi nuru inavyong'oa elektroni kwenye metali, si kwa relativiti kama wengi mnavyodhani. Alichokikataa ni kuambiwa kwamba nadharia imekamilika na hakuna zaidi cha kujua. Hata mwezi aliuliza kama upo pale tu anapoutazama.

NyotaAsubuhi
Sasa si ndicho ninachosema? Alipinga.

Papasi
Kumgombeza mtoto si kumkana.

Mpiga_Mbizi
Kabla hamjauana, kuna mtu hapa amewahi kuona jaribio lenyewe linavyokwenda? Wajapani wa timu ya Tonomura walilifanya mwaka 1989, wakirusha elektroni mojamoja, moja inafika kabla ya nyingine kutoka. Kwenye kioo linatokea doa. Kisha doa jingine, mbali na la kwanza. Madoa kumi, ishirini, huoni mpango wowote, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Yakifika maelfu, milia inajichora yenyewe: mweupe, mweusi, mweupe. Kwa hiyo elektroni haikuonekana "wimbi" hata mara moja. Kila ilipofika ilikuwa doa. Wimbi linaonekana kwenye hesabu ya madoa yote kwa pamoja.

NgeliMia
Mimi si mtu wa fizikia, ni mtu wa lugha, na naona ugomvi wenu wote umezaliwa na neno moja. Mmesema "mtazamaji". Kiambishi m- hapo ni ngeli ya A-WA. Mkishasema mtazamaji mmeshampa roho, macho na kiti cha kukalia! Mngesema "kipimaji" au "kigunduzi" tangu mwanzo, jamaa wa Kinyonga asingekuwa na pa kuingilia.

Papasi
Mkuu, "mti" una roho? "Mto"? "Mkeka"?

NgeliMia
Hizo ni U-I. Usiniletee mkeka kwenye mambo mazito.

Tumbusi
Na "kiongozi", "kipofu", "kinyozi"? Zote zina ki- na zote zinapumua. Kwa hiyo hata ukisema kigunduzi mtu anaweza kumpa roho. Nadharia yako imekufa.

NgeliMia
Haijafa. Kinyozi anaondoka, kigunduzi kinaondoka. Roho inaonekana kwenye upatanisho wa kisarufi, si kwenye umbo la nomino. Mwalimu alisema "kitu hicho kikiondoka", hakusema "akiondoka". Yeye alikuwa sahihi bila kujua.

MkufunziMstaafu
Nilijua.

Tumbusi
Hahaha.

MwanaFotoni
Narudi kwenye swali kabla halijafukiwa kabisa. Kuna mambo mawili mmeyachanganya.

La kwanza, je, akili inahitajika? Hapana, na hili limepimwa. Mwaka 2004 kule Vienna walichukua molekuli za kaboni zenye atomu 70, wakazipitisha kwenye nyufa, milia ikatokea. Kisha wakazipasha moto kwa leza kabla hazijapita. Molekuli yenye joto kali inang'aa, inatema fotoni zake njiani, na kila fotoni inaondoka na fununu ya mahali ilipotoka. Kadiri joto lilivyopanda, milia ikafifia mpaka ikaisha. Hakuna aliyezikusanya zile fotoni kuzisoma. Zilitosha kuondoka tu.

La pili, je, elektroni ina mahali kabla ya kupimwa? Hapa ndipo penye utata wa kweli. Mwanafizikia Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba kama kila chembe inatoka na majibu ya vipimo vyote tayari mfukoni, na hakuna ishara inayozidi mwendo wa nuru, basi kulingana kwa majibu ya chembe mbili kuna kikomo; kwenye hesabu waliyoipanga wenzake baadaye, haiwezi kuvuka 2. Kwanta inasema inaweza kufika karibu 2.83. Mfaransa Aspect alipima mwaka 1982, ikavuka. Waholanzi wakapima mwaka 2015 kwa elektroni zilizomo ndani ya almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3, ikavuka. Nobeli ya 2022 ilienda kwa Aspect, Clauser na Zeilinger kwa kazi za namna hii. Bado unaweza kusema elektroni ipo mahali wakati wote, mwanafizikia Bohm alijenga nadharia hiyo mwaka 1952 na inatoa majibu yaleyale. Ila bei yake ni kukubali kwamba kinachofanyika hapa kinaigusa chembe ya kule papo hapo. Chagua mzigo wako.

Tumbusi
Chembe ina mfuko?

MwanaFotoni
Ni mfano, kaka.

Tumbusi
Mnakataza mtazamaji mwenye roho, halafu mnaleta chembe yenye suruali.

NyotaAsubuhi
Na hapo kwenye "papo hapo" si mnathibitisha kwamba vyote vimeunganika? Akili, nyota, sisi. Ndicho ninachosema tangu asubuhi.

MwanaFotoni
Hapana dada. Hata hivyo huwezi kutuma ujumbe kwa njia hiyo. Anayepima upande wake anapata majibu yasiyo na mpangilio, mpaka wenzake wa upande wa pili wampelekee orodha yao kwa njia ya kawaida ndipo ulinganifu unaonekana.

Kibuyu
Nyie bishaneni, mabilioni yanazikwa ardhini kule CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, kwenye duara la kilomita 27 kutafuta chembe ya kuvipa vitu uzito. Mmeipata 2012, nani amenenepa?

Papasi
Kibuyu, hata hilo la uzito si kama ulivyolisikia. Chembe hiyo, Higgs, inahusika na kuzipa masi (wingi wa maada) chembe za msingi kama elektroni na kwaki, vijichembe vinavyounda protoni. Masi ya protoni sehemu kubwa kabisa inatokana na nishati ya kwaki na ya gluoni, gundi inayozishikanisha, zinazohangaika ndani yake, masi za kwaki zenyewe ni kama asilimia 1 tu. Uzito wako usimsingizie Higgs.

Kibuyu
Umeniita mnene?

Papasi
Umesema mwenyewe kunenepa!

NgeliMia
Tena "uzito" na "masi" si neno moja. Mnaona? Lugha.

Kinyonga
Wakuu nashukuru, ila jamaa yangu yupo hapa pembeni anasoma. MwanaFotoni amemnyamazisha kwenye zile molekuli za moto, lakini sasa anadai kwamba hata fotoni ikiondoka, mwishowe lazima kuna binadamu aliyesoma kwamba milia imefifia. Nimjibu vipi?

Mpiga_Mbizi
Muulize milia ilififia lini: mashine ilipokuwa ikihesabu, au karatasi ilipofunuliwa.

NyotaAsubuhi
Karatasi ilipofunuliwa. Wazi kabisa.

NgeliMia
"Aliyesoma", ona, A-WA tena.

MkufunziMstaafu
Mimi bado nasubiri. Kosa langu la miaka 31 ni lipi? Na waliokariri ni akina nani?