Ati sakafu yangu niitweke tanga niende Lamu!

Mkwezi_wa_Tudor:
Nyote mwamjua. Yule wa mbao, kalamu sikioni tangu tuko skuli na risiti hajawahi kuandika hata moja. Simtaji.

Natoka kwake sasa hivi, mikono yanitetemeka, muhogo umepoa mbele yangu. Nilinunua kwake mbao za mvule za sakafu ya sebule, pesa nilizodunduliza tangu kifungua mimba wangu hajaota meno. Akaniapia: "Kavu hizi, kushinda mkate wa mofa!" Zikaja kwa mkokoteni Jumamosi asubuhi, adhuhuri nishapaka gundi. Mwenyewe! Bila fundi! Magoti yalifura, Ijumaa nikaswali kitini na wazee. Lakini chumba kiling'ara, hata mama watoto akavua viatu mlangoni.

Masika imenyesha mara tatu tu. Sakafu imeota nundu katikati, ngamia mzima yuko chini. Ukiweka kikombe hapo chamfuata mgeni chenyewe. Mlango umekwama, juzi nimeingia kwangu kwa dirisha, jirani akapiga ukelele wa mwizi.

Nikampelekea picha. Akaitazama. Akaipindua simu. Akawaita wenziwe. Ndipo akasema, mbele ya muuza kahawa: "Hii si sakafu yakhe, hii mashua. Kusi lishaingia, tweka tanga uende Lamu."

Muuza kahawa akacheka mpaka vikombe vikamponyoka. Muuza kahawa! Mimi mteja wake wa kila alfajiri!

Mtu kama huyu afanywe nini?

BintiKibokoni:
Tanga la rangi gani?

Nyundo_Moja:
Ukutani uliacha nafasi? Mbao hunywa unyevu wa hewa zikatanuka kwa upana, na hewa yetu hii ya bahari ndiyo usiseme. Huachwa kama milimita 10 hadi 12 kila upande, kisha wafunika kwa ubao wa pembeni. Na mbao hulazwa chumbani siku kadhaa kwanza zizoee. Saruji je, ilikuwa ya lini?

Mkwezi_wa_Tudor:
Saruji ya wiki mbili, ilikuwa ngumu kama jiwe. Nafasi ya nini? Nilipie mbao kisha niache tundu? Nimezibana, sisimizi hapiti. Na tusitoke kwenye mada: muuza kahawa AMECHEKA.

Nyundo_Moja:
Ngumu si kavu, ndugu yangu. Na mvule wa kweli hautanuki sana hivyo. Nahofia umeuziwa mkaratusi.

Mkwezi_wa_Tudor:
Ati tweka tanga! Na lile jicho alilomkonyeza muuza kahawa, hamkuliona nyinyi.

Pweza_wa_Nazi:
Mie nalia na muuza kahawa. Vikombe vingapi vimevunjika?

MamaSwabra:
Afadhali wewe una mbao. Fundi wangu wa vigae kaniwekea saruji pembe nne tu, katikati hewa tupu. Ukitembea walia tong tong, watoto wamefanya ngoma. Nikimpigia simu anijibu yuko matangani. Mwezi wa tatu huu, ukoo gani huo wafa mfululizo?

Ghorofa_ya_Pili:
Vigae si kitu. Wa juu yangu avuta kitanda saa nane za usiku. Kila siku! Kitanda chaenda wapi?

BintiKibokoni:
Lamu.

Kisauni_Halisi:
Nyinyi mwapigania sakafu, huku kwetu mfereji wakohoa upepo tu. Mtungi wa lita 20 wa maji ya mkokoteni umepanda tena, na ukilalamika mwenye mkokoteni akupita na mlio wake.

MamaSwabra:
Wallahi umepanda! Na maji yenyewe ya chumvi, chai yangu leo kama supu.

Ghorofa_ya_Pili:
Huyo wa mkokoteni ni yule mwenye kofia nyekundu? Huyo ana dharau!

Mkwezi_wa_Tudor:
Kofia nyekundu? Huyo ndiye aliyeniletea mbao! Kwani huko kwenu mtungi awauzia ngapi?